Nne Bila, Moja Bila

Masanja alinipigia simu asubuhi nikiwa uani kwangu hapa Ngokolo, nachambua mchele. Alikuwa Geita, nyuma yake karasha zinasaga mawe kwa kelele, na ilibidi arudie mara tatu ndipo nikamsikia. "Zuhura, mzee ametutoka. Alfajiri hii. Mimi ndiyo naanza safari ya Samuye." Nikasema innalillahi, nikampa pole, nikamuuliza maziko ni lini. Kisha nikabaki nimekaa na ungo mapajani, na kwa kuwa Mungu aliniumba na kichwa changu hiki, kitu cha kwanza kilichoniingia akilini hakikuwa sura ya marehemu wala dua. Yalikuwa matokeo ya mpira. Moja bila. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikimwamkia marehemu, Mzee Maduhu, kwa unyenyekevu uliopitiliza, kila nilipomkuta mnadani au kwenye harusi za watoto wa watu, nikipiga magoti hata penye tope, na watu wakanisifu kwamba Zuhura ana adabu. Haikuwa adabu. Nilimdanganya yule mzee nikiwa na miaka kumi na saba, uso kwa uso, huku natafuna chakula chake, na sikuwahi kupata ujasiri wa kumwambia.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha tatu katika Sekondari ya Mwagembe, shule ndogo ya mkondo mmoja upande wa Samuye. Msichana wa mjini, mtoto wa Kiislamu, alifikaje huko ni habari ya familia, na habari za familia yangu ni ndefu na hazina mpira ndani yake, kwa hiyo naziruka. Shule haikuwa na bweni. Nilipangishiwa chumba kwenye nyumba ya vyumba vinne karibu na kisima, nikapewa kitanda cha kamba, sanduku langu la bati likageuka meza, na dirisha likawa la mbao lisilofunga vizuri. Fundi aliyeijenga nyumba ile aliishiwa matofali, au aliishiwa hamu, maana kuta za ndani zilikomea juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu. Kutoka hapo hadi kwenye bati palikuwa wazi, na kila kilichokuwa upande wa pili kilipita: moshi, harufu ya dagaa, paka wa jirani, na zaidi ya vyote, maneno. Upande wa pili wa ukuta wangu aliishi Mwalimu Budodi, aliyetufundisha jiografia na kuifundisha timu ya shule mpira, pamoja na mkewe, Mama Pendo. Mama Pendo ndiye aliyenilisha. Aliniletea matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga za kukaanga, na jioni ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Tumbo langu lililozoea maandazi ya Ngokolo lilinung'unika wiki mbili, halafu likanyamaza, na mwisho wa muhula lilikuwa linadai matobolwa lenyewe.

Mwalimu Budodi alikuwa na desturi moja. Akishakula chakula cha jioni alimhadithia mkewe mazoezi ya timu, mchezaji mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya mtu anayefundisha darasa la watu arobaini. Mama Pendo alikuwa akichambua mboga za kesho na kuitikia "ehee" bila kuinua kichwa, hilo nililijua hata bila kumwona. Nakumbuka jioni moja vizuri kuliko ninavyokumbuka ndoa yangu. "Shigela leo kakimbilia chooni mara mbili," alisema Mwalimu. "Nikimpanga Jumamosi atakimbilia huko huko." Mama Pendo akasema ehee. "Beki ya kushoto nayo imegombana na beki ya kulia. Hawapeani mpira hata uwe wa bure." Mkewe akauliza wanagombania nini. "Msichana." Maganda yakadondoka kwenye sinia. "Basi mpange huyo msichana," alisema Mama Pendo. Nilijifunika shuka usoni ili nisicheke kwa sauti, maana kama mimi nilikuwa nawasikia wao, na wao wangenisikia mimi. Ajabu ni kwamba jambo hilo Mwalimu Budodi, mtu aliyesoma hadi diploma, hakuwahi kulifikiria.

Sasa mimi ndiye niliyekuwa mhariri wa gazeti la shule. Lilikuwa karatasi za manila tulizobandika kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya mkuu wa shule, lenye habari za usafi, mashairi ya watu waliokataliwa na wasichana, na vitendawili. Hakuna aliyekuwa akilisoma. Ndipo nikaanzisha safu niliyoiita Utabiri. Naomba ieleweke kwamba sikujua mpira. Hata leo mtu akinieleza kuotea naitikia kwa kichwa tu ili amalize. Lakini nilijua tumbo la Shigela lilivyo, nilijua nani kagombana na nani, na nilijua Mwalimu mwenyewe anategemea nini, kwa hiyo kila Jumanne niliandika matokeo ya mechi ya Jumamosi kwa kalamu nyekundu, na kila Jumamosi yakatokea. Mechi ya kwanza nilipatia, watu wakasema bahati. Ya tatu, wakaanza kuja kusoma. Kufikia mechi ya sita, walimu walikuwa wanapita ubaoni kabla ya kusaini daftari la mahudhurio, na mwanamke mmoja wa kijijini akanijia nyumbani kuuliza ng'ombe wake aliyepotea yuko wapi. Nikamwambia atazame upande wa mtoni. Ng'ombe akapatikana mtoni, kwa sababu ulikuwa mwezi wa kiangazi na ng'ombe wote wa wilaya walikuwa mtoni. Kuanzia siku ile nikipita njiani watoto walinipisha, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kutembea polepole.

Timu yetu ikafika fainali ya shule ndogo. Tungecheza na vijana kutoka Mwadui, kule kwenye mji wa mgodi wa almasi. Kwa hesabu ya wanafunzi nao walikuwa shule ndogo, ndiyo maana tukakutana. Kwa mengine yote hawakuwa wadogo hata kidogo. Kila mchezaji wao alikuwa na viatu vya njumu vyake mwenyewe. Sisi tulikuwa na jozi saba za shule nzima, na mara nyingine mtu alipangwa timu kwa sababu mguu wake unaingia. Jumatatu ya wiki ile Mwalimu Budodi alikula kimya hadi nikadhani anaumwa. Kisha akasema, "Nimekwenda kuwaona wakicheza. Uwanja wao una nyasi, Mama Pendo. Nyasi zinakatwa." Mkewe akauliza zinakatwa na nani. "Na mashine." Hapo hata Mama Pendo akaacha kuchambua. "Sasa sisi tutafungwa ngapi?" Mwalimu akashusha pumzi. "Nne. Tukibahatika, tatu." Kesho yake nikaandika kwa kalamu nyekundu: Mwagembe bila, Mwadui nne. Niliandika nne kwa sababu habari ya bahati sikuwa na namna ya kuihakiki.

Sikuwahi kusababisha ghasia kama zile, kabla wala baada. Kabla ya mapumziko mtu alikuwa ameshaufuta utabiri kwa mate, mwingine akaurudishia kwa kalamu nyekundu, na beki ya kushoto na beki ya kulia wakapatana papo hapo ili wanichukie kwa pamoja. Mwalimu Budodi alisimama mbele ya ubao kwa muda mrefu, akisogeza midomo, na jioni ile kwa mara ya kwanza nilimsikia akimnong'oneza mkewe, "Yule mtoto ana kitu. Hiyo nne ilikuwa kichwani mwangu tu." Mkuu wa shule aliniita ofisini, chai yake ikipoa kwenye kikombe cha bati. "Zuhura," alisema, "wewe ni wa Mwagembe au wa Mwadui?" Nikajibu kwa unyoofu kabisa, "Wa Ngokolo, mwalimu." Kwa jibu lile nilipewa adhabu ya kuchora mistari ya uwanja wa fainali kwa majivu, peke yangu, na kutafuta majivu yenyewe. Niliichukua kama heshima ya watu wasemao kweli. Nilikuwa na kiburi sana mwaka ule, na sijui kwa nini nasema mwaka ule tu.

Jumatano akaja Mzee Maduhu. Alikuwa baba yake Masanja, mlinda mlango wetu, kijana mrefu mwenye mikono mikubwa na maneno machache, ambaye ndiye pekee katika timu aliyekuwa akinisalimia bado. Mzee aliegemeza baiskeli yake kwenye mlingoti wa bendera, akavua kofia, akauangalia ubao kwa heshima kama unavyomwangalia mgonjwa. "Shikamoo, baba," nilisema. "Marahaba, ng'wanone," akanijibu, mwanangu, kwa Kisukuma. "Macho yangu hayajui kusoma. Hebu nisomee hapa kwenye wekundu." Nikamsomea, na naona aibu kusema kwamba nilisoma kwa madaha. Akatikisa kichwa taratibu. "Nne." "Nne, baba." "Na wewe hujakosea tangu mvua zilipokatika." "Sijakosea, baba." Akavaa kofia yake. "Wabeja," alisema, yaani asante. "Basi hakuna haja ya kungoja. Jumamosi asubuhi kuna gari la Geita. Nitaondoka na Masanja, mjomba wake ana duara, shimo la dhahabu, linatoa mawe mazuri. Nilimwambia wakichukua kombe atabaki shule mpaka amalize, maana mtoto mwenye kombe humtoi shule, watu watakucheka. Wakifungwa, tunakwenda kuchimba. Sasa kama kufungwa kwenyewe kumeshajulikana, mpila wa nini tena?" Akachukua baiskeli yake akaondoka, akiwa ameridhika na huduma.

Nilimkuta Masanja kisimani, anapampu maji kwa nguvu kuliko maji yenyewe yalivyotaka. Nilitegemea anitukane, ningejua la kujibu. Badala yake akaniuliza kama kule Geita kwenye maduara mtu anaweza kuendelea na hesabu za kidato cha tatu, akipata kitabu. Nikamwambia asikate tamaa, huenda nimekosea. Akasema, "Wewe hukosei, Zuhura," bila hasira, akajitwika ndoo, akaenda. Nilirudi chumbani nikakaa kwenye kitanda cha kamba na kwa mara ya kwanza nikaiona kazi yangu ilivyo. Nilikuwa nimemtoa mlinda mlango uwanjani siku tatu kabla ya mechi, kwa kalamu. Bila yeye zisingekuwa nne, zingekuwa kumi, na yeye angezisikia akiwa shimoni. Jioni ile Mama Pendo aliniletea ugali nikaurudisha, jambo lililomtisha kuliko utabiri wote, na nikamsikia akimwambia mumewe kupitia ule uwazi wetu, "Mtabiri wako hali."

Alhamisi baada ya vipindi nilikwenda nyumbani kwa Mzee Maduhu. Nilikusudia kusema ukweli, na ukweli niliusema, hilo lazima mlijue. Alinikaribisha chini ya ukingo wa nyumba, akanipa kigoda, akaweka mbele yangu ungo wenye michembe, vile vipande vya viazi vikavu ambavyo havijapikwa bado, ambavyo watu hutafuna kimoja kimoja wakipiga soga. Mimi nilijaza mdomo kwa woga. "Baba," nilisema nilipoweza, "mimi si mganga wala si mtabiri. Nasikia tu ukutani." Mzee akasogeza kigoda chake karibu. "Ukutani?" "Ndiyo, baba. Chumbani kwangu. Kila jioni." Akatikisa kichwa kwa kuelewa kabisa. "Wengine husikia kwenye kibuyu," alisema. "Wewe ukutani. Kila mtu na kwake." Nikamwambia siyo hivyo, ni sauti za watu. Akasema ndiyo, huwa ni sauti za watu. Nikamwambia ni watu walio hai. Akasema hata babu yake alikuwa akiwaona kama wako hai. Kadiri nilivyojikana ndivyo nilivyozidi kuwa mganga, na jua lilikuwa linashuka, na michembe imeninyonya mate yote hata ulimi ukagoma.

"Sasa," alisema mzee, "ukuta umesema nini leo?" Hapo ndipo nilipodanganya. Sikupanga, lilitoka tu. Nikafumba macho, kwa kuwa niliona inafaa, nikasema ukuta umebadilika. Umesema Masanja akisimama golini, Mwagembe wanashinda moja bila. Mzee akahesabu kwa vidole. "Jana ulisema nne." "Jana ulikuwa haujajua kama Masanja atadaka, baba." Hilo akalipima, nikaona limemkaa. Kisha akaniuliza, "Na wewe unataka nini?" "Sitaki kitu, baba." "Hata kuku?" "Hata kuku. Nataka Masanja adake tu." Alinitazama kwa muda mrefu, halafu akatazama zizi lake, halafu akaniambia nimeze kwanza, nitapaliwa. "Haya," alisema mwishowe. "Gari la Geita litakuwepo na Jumapili. Na ngoma yetu tutakuja nayo, tuione hiyo moja." Nilitembea kurudi kwangu taya zinauma, nikijua kwamba Jumamosi saa kumi na mbili jioni nitakuwa mwongo mbele ya mkoa mzima na Masanja atapanda gari lile lile, siku moja tu baadaye.

Kwa wageni wa Usukumani lazima nieleze kitu hapa, kwa kuwa bila hicho mtaona kama natunga. Mzee Maduhu alikuwa kiongozi wa chama cha ngoma, wale wachezao na nyoka, na chatu wao aliitwa Diwani, kwa sababu alionekana mara chache na kila akionekana lazima mbuzi achinjwe. Ngoma mbili zikishindana kwetu, hazipokezani. Zinachezwa wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, huku wale na huku hawa, na jaji hakuna. Watu wenyewe ndio jaji. Wanaanza katikati, wanavutwa huku, wanavutwa kule, na jua likizama ngoma iliyobaki na umati ndiyo imeshinda, na iliyobaki na vumbi inafunga ngoma zake inakwenda nyumbani. Hakuna rufaa. Watoto wa kule wanalijua hilo kabla ya kujua kuhesabu.

Jumamosi uwanja ulijaa tangu saa saba. Mistari yangu ya majivu ilikuwa imepinda kidogo upande wa mashariki, maana majivu ya Mama Pendo yaliisha nikamalizia na ya jirani ambayo yalikuwa na mbegu za mahindi, na kuku waliingia uwanjani kudonoa laini ya pembeni hadi mwamuzi akawafukuza kwa filimbi. Watu wa Mwadui walikuja na lori lenye spika kubwa na muziki, wakalipanga upande wao, na nusu ya watu wetu, kwa sababu ya muziki, wakasogea kule. Masanja alikuwa golini na jozi ya saba ya viatu, iliyombana. Wakatufunga moja dakika za mwanzo, wakatufunga ya pili kabla ya mapumziko, na kila goli spika ikazidi kupandishwa, na watu wakazidi kuhamia kwao. Nilijificha nyuma ya Mama Pendo, aliyekuwa mpana. Mwalimu Budodi alikuwa akitembea juu na chini, akisema kwa sauti majina ya mito mikubwa ya Afrika, sijui kwa nini. Nilimtafuta Mzee Maduhu kwa macho. Hakuwa anatazama mpira. Alikuwa anatazama watu.

Kipindi cha pili kilipoanza, Masanja akahamia goli la upande wa minyaa, na mzee akanyanyua mkono. Ngoma zikalia nyuma ya lile goli, ngoma kubwa, zile unazozisikia tumboni kabla ya masikioni. Kisha kikapu kikafunguliwa, na Diwani akatoka. Nilikuwa sijawahi kumwona. Alikuwa mnene kuliko paja langu, na mzee alimvaa mabegani kama mtu avaavyo koti, akaanza kucheza polepole, uso umetulia. Umati ulikatika katikati. Kwanza wakaja watoto, halafu mama zao kuwakamata watoto, halafu mama zao wakasahau walichofuata. Mwadui wakafunga la tatu na hakuna aliyepiga kelele. Wakazima muziki wasikie kinachoendelea, na huko kuzima ndiko kulikowamaliza, maana walioshikwa na muziki nao wakaja. Walipofunga la nne, walioshangilia walikuwa wachezaji wao kumi na mmoja na mwalimu wao, basi. Wachezaji wao wa akiba walikuwa kwetu. Mwenye spika alikuwa kwetu. Dereva wa lori nilimwona kwa macho yangu amesimama mstari wa mbele, anauliza kama yule chatu anauma.

Dakika za mwisho wakapata penalti, kwenye goli lile lile la Masanja. Nyuma yake palikuwa na watu wote wa Samuye na nusu ya Mwadui, na ngoma, na chatu. Mpigaji akauweka mpira, akainua macho, akaona kichwa cha Diwani juu ya bega la mzee, akashusha macho. Sitaki kumsingizia kijana wa watu. Alipiga vizuri, chini, pembeni. Masanja akaruka na ile mikono yake na akaudaka. Hakuupangua. Aliudaka, akalala nao chini kama mtu aliyempata mtoto aliyepotea, na kelele zilizopigwa pale sijazisikia tena, hata siku ya uhuru sijui kama zilikuwapo. Filimbi ya mwisho hakuna aliyeisikia. Mwadui walipewa kombe lao katikati ya uwanja, mbele ya mwamuzi, mkuu wetu wa shule na kuku wawili. Masanja alikuwa juu ya mabega ya watu. Na Mzee Maduhu, jasho likimtiririka, nyoka amerudi kikapuni, alisimama juu ya kreti ya soda akatangaza kwa sauti iliyozoea kutangaza: "Watu wako wapi? Watu wako kwetu! Kwao kuna nani? Kuna deleva, na deleva naye yuko huku! Sisi moja, wao bila!" Umati ukaitikia moja bila. Kisha akanitafuta nyuma ya Mama Pendo, akanionyesha kwa kidole, akasema, "Ukuta haudanganyi." Na Jumapili gari la Geita likaondoka bila Masanja.

Kwa hiyo mwaka ule nilitabiri mechi moja mara mbili, kwa matokeo mawili, na yote yakawa kweli. Jumanne iliyofuata niliifuta safu ya Utabiri nikaanzisha ya mapishi. Masanja alimaliza kidato cha nne, akasoma tena na tena, na Geita alifika, lakini kwa mlango mwingine: ana maabara yake ndogo ya kupima mawe, wachimbaji wanampelekea mfuko wa kifusi na wanamkodolea macho awaambie kama kuna dhahabu au hakuna. Huwa ananipigia simu kulalamika kwamba akiwaambia ukweli wanadhani ana chuki nao. Huwa namjibu kwamba ninaijua kazi hiyo.

Nilikwenda Samuye, nikazika pamoja na wengine, nikakaa na wanawake jikoni siku tatu. Macho yangu yalikuwa makavu, hatia haina machozi. Siku ya tatu mchana, watu wakiwa wanakula, nilimwita Masanja hadi kwenye zizi la zamani, nikamwambia kwamba kuna jambo nilipaswa kumwambia marehemu. Nikamweleza yote: mwalimu na sauti yake, uwazi juu ya ukuta, ile moja bila niliyoitunga na mdomo umejaa michembe. Masanja alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kucheka, mtu mzima mwenye mvi, kwenye msiba wa baba yake, hadi akashika nguzo ya zizi.

"Zuhura," alisema, "siku ile tukirudi nyumbani mzee alikuwa anasukuma baiskeli, mimi nalia. Akaniambia, nne. Nimezihesabu. Ile ya tatu ilikuwa uzembe wako." Nikamwambia lakini alitangaza moja bila mbele ya watu. "Na mimi nilimwambia hivyo hivyo. Akasema, hiyo ni ya watu. Akasema, yule binti alikuja kuniambia anasikia ukutani, na ile nyumba niliijenga mimi, matofali yaliniishia, najua mwalimu anavyopiga kelele." Nilitaka kukaa chini, lakini palikuwa na samadi. Masanja akapangusa macho. "Nikamuuliza, sasa kama ulijua, kwa nini ulimsikiliza? Akasema, nimeishi na waganga maisha yangu yote, na hakuna hata mmoja ambaye hakuniomba kuku. Huyu nilimpa kuku akakataa. Aliomba wewe udake mpira. Mtoto ambaye rafiki yake anakwenda kumdanganyia mzee mzima huku anapaliwa, huyo haendi shimoni, anabaki shule."

Nilimuuliza Masanja kwa nini hakuniambia, miaka yote hii, na magoti yangu yote yale kwenye tope. "Mzee alinikataza," alisema. "Kila mwaka nilimwomba, kila mwaka akakataa. Alisema, usimwambie, ananiamkia vizuri sana." Nilirudi jikoni na uso umelowa, nikakaa kwenye mkeka, nikalia kwa sauti hadi sufuria zikaachwa motoni. Wanawake wakaniuliza kulikoni, mbona nalia leo wakati wenzangu walimaliza kulia juzi. Nikawaambia mzee amenifunga, moja bila, na hakuna hata mmoja aliyenielewa.